Mgonjwa Asiyejua Kuwa Anaumwa



Katika machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, Rwamagasa na Kakola, kijana anapoanza kusikia sauti zisizosikiwa na wenzake, hukumu hutolewa upesi: "Bangi imemharibu." Akirudishwa kwao kijijini, Shinyanga, hukumu huwa nyingine: "Karogwa." Hukumu hizo mbili zina kosa moja, nalo ni kufunga shauri kabla mgonjwa hajapimwa.

Madhara ya bangi ni ya kweli. Mwaka 1987 wachunguzi wa Uswidi walitangaza habari za vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini na kufuatiliwa kwa miaka mingi. Waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia, yaani wazimu wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwapo, mara sita zaidi ya wasiovuta. Sababu nyingine zilipohesabiwa, tofauti hiyo ilipungua lakini haikwisha. Hata hivyo, wavutaji walio wengi hawakuugua. Bangi basi huongeza hatari, wala si chanzo pekee. Machimboni kuna pia mvuke wa zebaki, unaodhuru ubongo na kuleta mtetemeko na usahaulifu, kuna gongo, kuna malaria inayopanda kichwani. Kila kimoja kina tiba yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Lakini mgonjwa huyu mara nyingi hafichi, hajui. Akiambiwa aende zahanati, hujibu kwamba wanaoumwa ni wale wanaomfuata usiku. Ndugu zake humwona mkaidi, hasa wakitazama jinsi anavyohesabu fedha zake bila kukosea. Hapo ndipo wengi hupotea. Akili ya kuhesabu ni kitu kimoja, na uwezo wa kutambua kuwa unaumwa ni kitu kingine. Kutojitambua huko ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, kama homa ilivyo sehemu ya malaria, na hakuna amchapaye mtu viboko kwa kuwa na homa.

Tena wachunguzi wa nchi mbalimbali wameona jambo la kushangaza. Miongoni mwa wagonjwa wa aina hii, waliopata kuvuta bangi mara nyingine huwashinda wasiovuta katika majaribio ya kumbukumbu na ufahamu. Maana yake si kwamba bangi hunoa akili. Huko New Zealand, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa walioanza kuvuta wangali wadogo na kuendelea kwa miaka mingi walipungukiwa akili. Maelezo ya baadhi ya wataalamu ni kwamba wengine kati ya wagonjwa hao walikuwa na ubongo imara, na pengine bila bangi wasingeugua. Ikiwa ndivyo, kijana anayetupwa kwa neno "mvuta bangi" huenda ndiye mwenye mengi ya kuokolewa.

Kumwacha bila tiba kuna gharama ambayo Usukuma inaijua. Familia isiyopata jibu zahanati hulitafuta kwa mpiga ramli, na ramli humtaja mtu. Katika mikoa hii vikongwe wameuawa kwa sababu tu ya macho yaliyofanywa mekundu na moshi wa jikoni.

Wajibu uko wazi. Mwalimu amtazame mwanafunzi anayejitenga ghafla, asiyelala, ambaye maandishi yake yameanza kuvurugika. Awaite wazazi kabla ya kuchukua fimbo. Mtendaji wa kijiji awasaidie ndugu kumfikisha mgonjwa zahanati, na kutoka hapo hospitali ya wilaya, hadi Bugando au Mirembe ikilazimu. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumtibu hata asiyekubali kuwa anaumwa. Kamba na minyororo havimo katika utaratibu huo. Na kwa kuwa bangi ni kosa kisheria, ndugu huogopa kuitaja. Mganga wa zahanati aipate habari hiyo kama sehemu ya matibabu, bila vitisho.

Taifa hili lilipopata uhuru lilitangaza vita dhidi ya ujinga, umaskini na maradhi. Katika ugonjwa huu mgonjwa hawezi kupiga hodi mwenyewe. Ni lazima mwingine ampigie.