Cheo Kinarudi, Miaka Je?

Agizo la Rais Donald Trump la Januari 27, 2025 liliwafungulia lango wanajeshi wa Marekani walioondolewa kwa kukataa chanjo ya UVIKO-19, zaidi ya 8,000: warudi na vyeo vyao, walipwe malimbikizo ya mishahara. Masikioni linapendeza. Kwenye hesabu, hata hivyo, hukatwa kile mtu alichochuma uraiani. Aliyepata kazi nzuri ya kuendesha lori huenda akabakiwa na kidogo mno, na bado anatakiwa aahidi kutumikia tena.

Waziri wa Ulinzi Lloyd Austin aliweka sharti la chanjo Agosti 2021. Likafutwa Januari 2023, baada ya Bunge kuamuru. Tangu hapo njia ya kurudi ilikuwepo, lakini mwaka ule walioipita walikuwa makumi tu. Watu walishahama, wameajiriwa, watoto wameshazoea shule nyingine.

Binafsi naona fedha si kiini. Kiini ni karatasi ya kuagwa jeshini. Wengi hawakupewa ile ya heshima kamili, na bila hiyo msaada wa serikali wa kulipia chuo hupotea. Kuisahihisha kunamfaa hata asiyetaka tena kuvaa gwanda.

Upande wa pili una hoja pia. George Washington aliamuru askari wake wakingwe ndui mwaka 1777. Chanjo jeshini si jambo geni. Na yule aliyekuwa na shaka ileile, akatii, akanyoosha mkono akachomwa sindano, agizo hili halimtaji popote.