Hotuba: Waalimu na Hesabu ya Watoto Katika Shule za Ngara na Biharamulo



Leo twapenda kunena nanyi habari ya hesabu ya watoto madarasani. Kiasi kilichowekwa na Serikali kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Ni maneno mepesi kuyasema, walakini yaweza kumdanganya mtu.

Tuseme pana shule yenye watoto 900 na waalimu 20. Mwenye kugawanya hupata 45, akaandika kwamba shule ile haina upungufu. Lakini ikiwa vyumba ni 10 tu, kila chumba kina watoto 90, na waalimu 10 wangoja zamu yao chini ya mwembe. Tena watoto hawagawanyiki sawasawa: darasa la saba laweza kuwa na 50, na la kwanza 200. Hesabu ni njema karatasini, na mtoto wa miaka sita hana pa kuketi.

Waalimu mliopo hapa mwajua maana yake. Daftari moja likisahihishwa kwa dakika mbili, madaftari 45 ni saa moja na nusu. Madaftari 120 ni saa nne. Basi mwalimu hasahihishi, wala si kwa uvivu. Nasi huku tuna jambo la kuongeza. Mtoto huja shuleni na Kihangaza, Kishubi, Kizinza au Kisukuma cha mama yake, naye hufundishwa kusoma kwa Kiswahili. Hana budi kusikilizwa akitamka, mmoja mmoja. Katika watoto 120 nani atamsikiliza? Huimba pamoja na wenziwe yaliyoandikwa ubaoni, akapanda darasa la pili na la tatu, na katika upimaji wa darasa la nne ndipo hujulikana kwamba hajui kusoma.

Shida hii si ya jana. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote wapate elimu ya msingi kufikia 1977. Waalimu hawakutosha, ikawa vijana waliomaliza darasa la saba wafundishwe ualimu huku wakifundisha. Mwaka 2002 ulipoanza mpango wa MMEM, ada ilikuwa imekwisha kuondolewa. Na Januari 2016 elimu bila malipo ikaanza. Kila mara mlango ulipofunguliwa watoto waliingia mbio, waalimu wakafuata kwa mwendo wa pole. Hatulaumu kufunguliwa kwa mlango, hata kidogo. Twasema tu kwamba katika Biharamulo, ambako watu wa mikoa mingine wamehamia kutafuta mashamba na malisho, mwendo huo wa pole waonekana zaidi.

Hata hivyo msidhani kwamba kuongeza waalimu peke yake kwatosha. Katika Kenya ya magharibi, tangu mwaka 2005, wataalamu Esther Duflo, Pascale Dupas na Michael Kremer waliyachunguza mambo haya katika shule za msingi. Shule zilizopewa mwalimu wa ziada zilipunguza darasa la kwanza kutoka watoto 80 na zaidi hata 45 hivi. Watoto waliobaki na waalimu wa zamani hawakuzidi maarifa, maana baadhi ya waalimu hao, walipoona mwenzao amekuja, walipunguza juhudi. Lakini kamati ya shule ilipofundishwa kuangalia kazi na kuuliza mwalimu yu wapi, mambo yakawa mema zaidi. Waalimu msikasirike, twasema yaliyoonekana, na wengi wenu mwafundisha kwa taabu msiyolipwa.

Kwa hiyo yatupasa kuulizana mambo mawili matatu. Darasa la kwanza lina watoto wangapi, na ni mwalimu gani aliyewekwa huko? Katika shule nyingi mwalimu hodari hupewa darasa la saba kwa ajili ya mtihani, na mgeni wa kazi hupewa watoto wadogo. Sisi twaona huku ni kujenga paa kabla ya msingi.

La pili ni nyumba. Mwalimu apelekwaye kijiji kilicho mbali na barabara kuu ya Lusahunga mpaka Rusumo, akafika jioni, akaonyeshwa chumba kisicho na mlango wala choo, huanza siku ile ile kutafuta uhamisho. Kijiji hulia kwamba kimenyimwa mwalimu, kumbe kilipewa, hakikumweka. Tofali twazifyatua wenyewe, na mafundi tunao. Nyumba moja ya vyumba viwili, ikiisha kabla ya mvua za vuli, yaweza kumbakiza mwalimu mmoja. Na shule yenye watoto 360 na waalimu wanne, akibaki huyo wa tano, hushuka toka 90 hata 72.

La tatu ni daftari la mahudhurio. Andikeni watoto waliopo kweli, maana waalimu hugawanywa kwa hesabu ile mnayoipeleka wilayani.