Tuzibe Ufa Kabla ya Kujenga Ukuta
(Maneno ya Mweka Hazina katika mkutano mkuu wa mwaka)

 

Mwaka juzi tulichanga tukanunua kompyuta mpakato 12 kwa ajili ya sekondari yetu. Mwezi wa nne nilikwenda nyumbani kuhakiki mali za chama. Nilizikuta zote 12, lakini 7 haziwaki mpaka zichomekwe kwenye umeme. Umeme ukikatika, somo limekwisha. Kwenye vitabu vyangu bado ni mali. Darasani ni mzigo.

Sikumlaumu mwalimu. Hata mimi ya kwangu ofisini niliiacha kwenye chaji usiku na mchana, mpaka betri ikavimba ikainua kibodi.

Betri hizi ni za lithiamu. Hazihitaji kuisha kabisa ndipo zichajiwe. Hayo ni mazoea ya betri za zamani za nikeli. Za sasa huchakaa haraka zikikaa muda mrefu zimejaa pomoni au zikiwa tupu, na joto huzidisha uharibifu. Kwa hiyo tumekubaliana na Mkuu wa Shule hivi:

1. Zichajiwe zikikaribia asilimia 20, zichomolewe zikifika 80 hivi. Siku ya kazi ndefu, zijazwe. Kompyuta nyingi zina mahali pa kuweka kikomo hicho.

2. Zisiwekwe juani wala juu ya kitambaa kinachoziba matundu ya hewa.

3. Shule ikifungwa, zizimwe zikiwa na chaji nusu, ziwekwe mahali pasipo na joto, na zikaguliwe kila mwezi. Betri ikifungiwa tupu likizo nzima, huenda isiamke tena.

4. Betri iliyovimba isichajiwe wala kutobolewa. Inaweza kuwaka moto. Ipelekwe kwa fundi.

Ndugu zangu, wapo waliopendekeza tununue kompyuta nyingine 7. Mimi naomba tuchangie betri 7, maana mashine zenyewe bado nzima na betri ni nafuu zaidi. Naomba pia kila mwaka tutenge fungu la matengenezo. Tukinunua bila kutenga fedha za kutunza, tutawachosha wachangaji, na watoto wetu wataendelea kusoma kompyuta ubaoni.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Karibuni tuchange.