Kuhesabu Viwavi wa Mahindi

Ndugu wakulima, baba na mama, leo tuongee habari ya viwavi. Sisemi wale tunaowachuma porini na kuwakausha. Wale ni chakula. Nasema yule wa mahindi, mwenye alama ya Y kichwani na madoa manne meusi karibu na mkia. Alitoka Amerika. Mwaka 2016 alionekana Afrika ya magharibi, na upesi akafika mashamba yetu ya Katanga.

Munauliza: juu ya nini mwaka mmoja wako kidogo, na mwaka mwingine wanajaa shamba? Wengine wanasema wametumwa na jirani mwenye wivu. Hapana. Ni hesabu, sikieni.

Kipepeo jike wa usiku anaweza kutaga mayai 1000 na zaidi. Wakati wa joto, toka yai mpaka kipepeo ni karibu mwezi mmoja. Basi chukueni jike mmoja na dume mmoja. Kama kwa mayai 1000 wanapona 2 tu, wanarudisha wazazi wao, na hesabu inabaki ileile. Wakipona 4, kila kizazi ni mara mbili: 2, 4, 8, 16, 32. Wakipona 10, ni mara tano: 2, 10, 50, 250, 1250. Angalieni vizuri: waliokufa ni 998, ao 996, ao 990. Tofauti ni ndogo sana, jicho haliwezi kuiona. Lakini kwa kizazi cha nne mmoja ana shamba, na mwingine hana bukari.

Nani anawaua wale 998? Chungu, nyigu, ndege, mvua kubwa, magonjwa, tena wao wenyewe wanakulana. Mtu anayepuliza dawa bila kuhesabu anaua chungu na nyigu pamoja. Amelipa feza ya kuongeza viwavi.

Wazee walijua hasara ya kuchelewa. Toka 1930 mpaka 1944 nzige wekundu walisumbua nchi nyingi za Afrika, kusini ya ikweta. Makundi yalitoka kwa mabwawa ya Rukwa na ya Mweru wa Ntipa, si mbali na mpaka wetu. Mwaka 1949 serikali zilipatana kuweka kazi ya pamoja, kao lake Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, katika Zambia. Watu wake walikwenda kuangalia nzige kule bwawani, wakiwa bado kidogo. Akisharuka angani, kumhesabu ni kazi bure.

Sasa shamba lako. Huwezi kuangalia mahindi yote, wala haifai. Ingia ndani, acha mistari ya pembeni, tembea ukipinda kulia na kushoto. Simama mahali 5. Kila mahali angalia mahindi 10 yanayofuatana. Usichague yaliyoliwa! Hapo ndipo wengi wanajidanganya. Fungua moyo wa mhindi: kama majani yametobolewa sasa hivi, na mavi mabichi kama unga wa msumeno yako ndani, hesabu moja. Ukipata 6 kwa 50, ni 12 kwa 100.

Juma lijalo fanya vilevile, namna ileile. Leo 6, kisha 8: usiogope, pengine umekutana tu na mahindi mengine. Leo 6, kisha 20: hiyo si bahati, wanaongezeka. Mahindi machanga yakifika 20 kwa 100, usingoje. Yakiwa makubwa, yanavumilia mpaka karibu 40, maana mhindi unaweza kutoa majani mapya na kuzaa vizuri.

Kazi ya kwanza ni vidole: ponda mayai, yanakaa pamoja juu ya jani kama manyoya meupe. Ponda viwavi wadogo asubuhi. Wakulima wengi wanatia mchanga ao majivu ndani ya moyo wa mhindi.

Baba akiwa kwenye mashimo ya shaba, mama ahesabu, ao mtoto anayejua kuandika. Karatasi moja inatosha: siku, mahindi 50, yaliyoliwa. Muanze juma la pili baada ya mbegu kuota, na mutunze karatasi mpaka mwaka ujao. Nikipita, nitaomba kuiona mbele ya kuuliza habari ya dawa.