Karanga Zako Ziko Salama?

Masika ya huku Moshi huingiza unyevu hadi stoo, na karanga zikipata unyevu huota kuvu. Kuvu hao hutengeneza sumukuvu, sumu inayoharibu ini na kusababisha saratani. Mwaka 2016, mikoani Dodoma na Manyara, sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu 20. Karanga nazo hushambuliwa na kuvu hao hao.

Ukitoka sokoni Mbuyuni au Kiborloni, zimwage karanga kwenye ungo, penye mwanga, uzichambue. Toa zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Pasua chache, kwani ukungu hujificha katikati ya mbegu. Zikinuka uvundo au zikiwa chungu mdomoni, tema, hizo zimeharibika.

Sumu yenyewe haionekani kwa macho, na kukaanga hakuimalizi. Mbovu usimpe ng'ombe wa maziwa zizini, maana sumu hupita ikaingia kwenye maziwa. Zifukie.

Zilizo nzima zianike juani juu ya turubai hadi zikauke kabisa. Zikipoa, zitie kwenye chombo kikavu chenye mfuniko unaobana. Ukitumia gunia, likae juu ya chaga, mbali na ukuta. Za kusaga, saga kidogo kidogo.

Mzazi mwenzangu, karanga hizi ndizo tunazotia kwenye uji wa watoto. Ukizitilia shaka, zitupe.