Tarakimu Ishirini za LUKU na Kazi ya Kutunza Matoleo



Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusema mbele yenu hapa Kisarawe. Nimetoka Kibaha, kwenye kituo changu cha kazi, nikiwa na barua ya Katibu iliyoniagiza nizungumzie sayansi katika utumishi wa umma. Mada hiyo ni pana kuliko muda niliopewa. Kwa hiyo nimeipunguza mpaka kikabaki kitu kimoja kilichomo katika kuta za nyumba zenu, nacho ni mita ya LUKU.

Bila shaka mnaukumbuka mwaka 2024. TANESCO iliwatangazia wateja kwamba mita zote za LUKU ziwe zimerekebishwa kufikia tarehe 24 Novemba. Mtu alinunua umeme, na badala ya kundi moja la tarakimu 20 akaletewa makundi matatu. Aliambiwa aingize la kwanza, kisha la pili, na mwishowe la tatu lenye umeme wake. Maneno yakawa mengi. Nilisikia kwa masikio yangu, Mailimoja kule Kibaha na hata Maneromango, watu wakisema hiyo ni hila ya kupandisha bei. Haikuwa hila. Ilikuwa hesabu, tena hesabu ambayo kijana wa Kidato cha Pili anaiweza.

Mita ya kawaida ya LUKU haina waya wala redio ya kuzungumza na ofisi. Kila jambo ambalo ofisi inataka kuiambia hupitia vidole vya mteja, kwa tarakimu zile 20. Hiyo ndiyo barua yao, na ndani yake zimo biti 66 zilizogawiwa kazi. Biti 2 hutaja aina ya barua, na 4 hutaja tawi la aina hiyo. Nyingine 4 ni za bahati nasibu, 16 ni za kiasi cha umeme, na 16 ni za kuhakiki kwamba hukukosea kubonyeza. Zilizobaki ni biti 24. Hizo ni za saa: zinahesabu dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993.

Sasa shikeni kalamu. Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216 tu. Gawanyeni kwa dakika 1,440 za siku moja mtapata siku 11,650 na ushei. Hesabuni siku hizo kuanzia 1 Januari 1993, bila kusahau miaka mirefu, nanyi mtaangukia tarehe 24 Novemba 2024. Mita hukumbuka tokeni zilizokwisha kutumika ili mtu asiingize ile ile mara mbili. Saa ingerudi kwenye sifuri, mita ingeziona tokeni mpya kuwa za zamani, ikazikataa, na nyumba ingelala giza hali fedha imelipwa. Yale makundi mawili ya mwanzo yalibadilisha ufunguo wa siri wa mita, na kuiambia isahau hesabu ya kwanza na kuanza nyingine.

Itifaki hiyo huitwa STS. Ilizaliwa Afrika ya Kusini mapema katika miaka ya 1990, na mwaka 1997 ukaundwa umoja wa kuitunza. Baadaye Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, ikaifanya kuwa kiwango namba 62055-41, kwa toleo la mwaka 2007, la pili mwaka 2014 na la tatu mwaka 2018. Ni itifaki ya wazi. Kiwanda chochote chaweza kuisoma na kutengeneza mita inayoifuata, na shirika la umeme halifungwi kwa muuzaji mmoja kama ng'ombe kwenye mti.

Hapa ndipo ilipo kazi ninayotaka muione. Watunzaji wa kiwango walijua mapema kwamba saa itajaa. Mtu mwepesi angesema, "Ongezeni biti." Lakini ukiongeza biti, tarakimu 20 hazitoshi tena, na mita zilizokwisha kutundikwa ukutani haziwezi kuelewa barua ya namna nyingine. Huwezi kumwita kila mwenye nyumba arudishe mita kiwandani. Basi barua iliachwa vile vile, ikabadilishwa tarehe ya kuanzia. Kiwango sasa kina tarehe tatu za mwanzo: 1993, 2014 na 2035. Mita isiyojua kubadili ufunguo haikuwa na dawa ila kung'olewa. Ile iliyotengenezwa kwa kufuata maandishi ilihitaji mwenyewe aingize namba tu.

Wenzao wa intaneti wana desturi nyingine ninayoipenda zaidi. Waraka wao ukishachapishwa haurekebishwi hata nukta. Likihitajika badiliko, hutolewa waraka mpya wenye namba mpya, na ndani yake hutajwa namba ya ule unaoondolewa. Waraka namba 793 wa mwaka 1981, unaoeleza jinsi kompyuta zinavyopokezana habari bila kupoteza kitu njiani, ulikaa hadi mwaka 2022 ndipo namba 9293 ikachukua mahali pake. Ule wa zamani haukuchomwa moto. Bado unasomeka, nao umeandikwa kwamba umepitwa.

Nayasema haya nikiwa na uchungu wa kazi. Katika ofisi moja niliyopitia, ambayo sitaitaja, zilikuwapo fomu mbili zenye jina moja, hakuna yenye tarehe wala namba ya toleo. Mzee aliyetoka kijijini kwa nauli ya kukopa alijaza moja, akaambiwa ni ya zamani, akarudishwa. Aliyemrudisha naye hakuweza kumwonyesha ni maandishi gani yaliyoifuta.

Wadogo zetu, mita iliyohamia kwenye tarehe ya 1 Januari 2014 nayo itajaza saa yake tarehe 24 Novemba 2045. Wakati huo wengi wenu mtakuwa na miaka thelathini na kitu, na baadhi yenu mtakuwa ndani ya ofisi zitakazowatangazia wateja. Ombeni somo la Hisabati na la Fizikia lisiwapite.

Na kwako Ndugu Mwenyekiti, nina jambo moja la nyumbani. Katiba ya Umoja wetu inatembea mikononi mwa wanachama katika nakala mbili. Moja inasema ada italipwa Januari, nyingine inasema Julai, na zote zina jalada la aina moja. Naomba mkutano wa leo alasiri uamue ipi ndiyo katiba, ipewe namba na tarehe, na ile nyingine ihifadhiwe maktabani ikiwa imeandikwa kwamba imefutwa.