MAJI KATIKA PETROLI: ADUI WA INJINI ZA MASHUA
Mazungumzo kwa wavuvi na wenye mashua wa Migori na Homa Bay



Maneno yangu ni juu ya adui mdogo asiyeonekana upesi, nayo ni maji yaingiayo katika petroli ya injini za mashua. Huenda mtu akacheka na kusema kwamba sisi tu watu wa Nam Lolwe, twapata chakula chetu majini, mbona tuogope kikombe kimoja cha maji? Lakini kikombe hicho, kikiingia mahali pasipo pake, chaweza kuizima injini yenye nguvu za farasi 15 na kuwaacha watu wanne au watano katikati ya ziwa wakipelekwa na upepo.

Bwana mmoja wa Marekani, Ole Evinrude, alianza kuuza injini zake za kufungwa nyuma ya mashua katika mwaka 1909. Hapa kwetu injini za namna hiyo zilienea sana biashara ya mbuta ilipostawi katika miaka ya 1980. Tangu hapo wavuvi wa Muhuru na Sori, wa Mbita, Rusinga, Mfangano na Remba, wameweza kwenda mbali kuliko babu zao walivyokwenda kwa tanga na kasia. Toka Muhuru mpaka kisiwa cha Migingo ni mwendo wa saa mbili hivi kwa injini. Basi mkumbuke kwamba aliyekwenda mbali kwa injini hana budi kurudi kwa injini. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limetaja makadirio ya watu 3,000 hadi 5,000 wanaokufa kila mwaka katika Ziwa Viktoria lote. Wengi huuawa na dhoruba, si petroli. Lakini mashua iliyozimika ndiyo isiyoweza kuikimbia dhoruba.

Sasa tuangalie jinsi jambo hili linavyotokea. Petroli na maji havipatani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na lita moja ya petroli ni karibu robo tatu tu ya kilo. Kwa hiyo maji hushuka chini ya tangi na petroli hukaa juu yake. Mrija unaovuta petroli nao hufika karibu na chini ya tangi. Ndiyo maana injini huwaka vizuri ufuoni, ambako mashua imetulia na maji yamelala kimya chini ya mdomo wa mrija. Mkifika penye mawimbi, tangi hutikisika, maji huinuka, mrija huyavuta, na injini hukohoa, hupoteza nguvu, kisha huzimika. Adui huyu hungoja mpaka mfike pabaya ndipo ajionyeshe.

Maji hayo hutoka wapi? Kwanza, hutoka katika majerikeni na faneli zilizooshwa zisikaushwe, au zilizotumika kuchotea maji ya ziwa. Pili, ni mvua na mawimbi yanayoingia kwa kifuniko kilicholegea. Tatu, hutoka katika hewa yenyewe: tangi lililo nusu tupu hujaa hewa yenye unyevu, na usiku wa baridi unyevu huo hugeuka matone na kutiririka ndani. Nne, ni mapipa ya wauzaji. Pipa likisimamishwa nje wakati wa masika, maji ya mvua hukaa juu ya kifuniko chake. Usiku pipa hupoa na kuyavuta ndani polepole, hata kama kifuniko kimefungwa. Pipa na lilazwe ubavu, vifuniko viwili vikiwa usawa mmoja, ili petroli ivizibe kwa ndani. Tena liwekwe chini ya paa.

Hapa pana jambo linaloharibu urafiki wa watu. Katika mashua nyingi gharama ya petroli hutolewa kwanza, ndipo pato ligawanywe. Injini ikizimika kwa maji, mwenye mashua husema kwamba vijana wameuza petroli na kujazia maji. Vijana humshitaki muuzaji. Muuzaji naye huapa kwamba bidhaa yake ni safi. Mara nyingi wote hawana hatia, bali mwenye kosa ni pipa au jerikeni. Dawa ya ugomvi huo ni chupa moja ya kioo.

Kabla ya kulipa, jaza chupa safi iliyo kavu kwa petroli iliyochotwa chini kabisa ya pipa, uiache itulie kwa muda wa dakika kumi au zaidi mbele ya muuzaji na mnunuzi. Kama kuna maji, utaona mstari uliokatika waziwazi, maji yakiwa chini. Ikiwa petroli imekwisha kuchanganywa na oili na kutikiswa, huenda ikaonekana nyeupe kama maziwa. Hiyo nayo ni dalili ya maji. Ikiwa huoni mstari wowote, tia matone machache ya maji. Yakizama na kukaa chini kama shanga, ulichonacho ni petroli; yakipotea, chupa yako imejaa maji matupu. Jaribio hili halihitaji shule wala fedha, na hakuna awezaye kubishana na macho yake mwenyewe.

Injini ikizimika ziwani, msitaharuki. Vaeni makoti ya kujiokoa, na watu wawili washike makasia waielekeze omo penye mawimbi. Kwanza tazama kitundu cha hewa katika kifuniko cha tangi, kwa kuwa kikifungwa injini hukosa petroli na kuzimika vilevile kana kwamba ina maji. Ikiwa ki wazi, sigara na taa za moto zizimwe. Ondoa mpira wa petroli katika tangi, uutie katika jerikeni ya akiba iliyopimwa kwa chupa tangu ufuoni. Petroli mbaya iliyobaki katika mpira isukumwe kwa pampu ya mkono iingie katika chombo, wala isimwagwe mashuani au ziwani. Mwaga pia iliyo katika chujio, kisha fungua skrubu ndogo iliyo chini ya kabureta mpaka itoke petroli safi. Kaza kila kitu, pangusa, ngojeni harufu iishe, ndipo uiwashe injini. Kama haishiki, toa plagi, uzikaushe, ujaribu tena.

Mkifika nchi kavu kazi haijaisha. Injini hizi nyingi hupata oili yake ndani ya petroli, mathalani lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa jerikeni ya lita 20; lakini fuata kitabu cha injini yako. Maji yanapopita huiosha oili hiyo, na chuma kilichobaki kitupu hushika kutu. Kwa hiyo iendeshe injini kwa mchanganyiko safi siku ile ile, wala usiilaze na maji ndani. Petroli iliyoharibika iache itulie katika chombo kirefu, uchote ya juu polepole, na ile ya chini uiache. Kitambaa cha kawaida huzuia takataka lakini hakizuii maji. Ngozi laini ya kuchujia, ikiwa safi, huyazuia. Wala mtu asiitie petroli hiyo katika taa au jiko la mafuta ya taa, kwa maana yaweza kulipuka na kuteketeza nyumba nzima.

Mwisho, nazishauri kamati za usimamizi wa fuo kila moja iweke ofisini chupa ya kioo, faneli yenye chujio, na jerikeni moja isiyoingia kitu kingine ila petroli, na kila nahodha azitumie kabla ya kutoka. Gharama yake haifiki bei ya safari moja iliyopotea. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni tone la maji chini ya tangi, na dakika kumi ufuoni zatosha kuuziba.

Nawatakia safari njema na nyavu zilizojaa.